Ngata ya shaba: jinsi ya kutengeneza stendi ya chombo dhaifu kinachooneshwa bila kioo

Mama anayejitwika mtungi huanza na ngata. Huviringisha kanga, huiweka utosini, huipapasa mpaka itulie, ndipo mtungi hupanda. Bila ngata, tako la mviringo la mtungi lingegusa kichwa mahali pamoja tu, na uzito wote ungeshukia hapo. Ngata hueneza uzito, hufuata umbo la tako, haikwaruzi, na mtungi ukishushwa haiachi alama. Kazi ninayoieleza hapa ni hiyo hiyo, ila ngata yetu ni ya shaba njano na sponji, mtungi una umri wa miaka mamia, umesimama wazi ndani ya chumba cha makumbusho, na watoto sitini wa shule wanaingia mlangoni.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa makumbusho madogo, wale ambao hawana idara ya kutengeneza stendi wala bajeti ya kuagiza kutoka nje. Karibu kila kitu kilichomo humu unaweza kukifanya wewe na fundi mmoja mwenye subira.

Kuna sababu nzuri za kuonesha kitu bila kabati la kioo. Chombo kikubwa huhitaji kabati ghali, na kioo hurudisha mwanga hadi mtu ajione uso wake badala ya nakshi aliyoijia. Lakini hatari ni ya kweli. Januari 2006, katika Fitzwilliam Museum mjini Cambridge, Uingereza, mgeni alijikwaa ngazini akaangukia vyombo vitatu vikubwa vya kaure ya China vilivyokuwa vimepangwa kwenye kizingiti cha dirisha. Vyote vitatu vilivunjika vipande vipande. Agosti 2024, katika Hecht Museum mjini Haifa, mtoto wa miaka 4 alivuta mtungi wa zamani za miaka 3,500 hivi ili achungulie ndani. Ulikuwa umewekwa wazi karibu na mlango kwa makusudi, ili watu wauone bila kizuizi. Nao ukavunjika. Stendi nzuri ingeweza kuuzuia ule mkono wa mtoto. Isingeweza kumzuia mtu mzima anayeporomoka ngazini. Kwa hiyo kabla ya kufikiria shaba na sponji, lazima ufikirie mahali, na kabla ya mahali, chombo chenyewe.

Hatua ya 1: Kitazame kabla ya kukigusa

Chukua tochi, zima taa za chumba, kisha mulika chombo kutoka pembeni, mwanga ukitambaa juu ya ngozi yake. Ufa ambao huuoni mchana utajitokeza kama uzi mweusi. Chora mtungi kwenye karatasi mara nne: mbele, nyuma, tako na mdomo. Kila ufa, kila kiraka, kila sehemu inayopukutika, iweke alama kwenye mchoro. Piga picha pia, lakini usiuache mchoro. Mkono unaochora hulazimisha jicho litazame.

Viraka vya zamani ni adui aliyejificha. Gundi ya miaka hamsini iliyopita huenda imeshachoka, na joto la pwani huilainisha zaidi. Ile taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno wanayotumia wauza duka kukagua noti bandia inasaidia sana hapa: gundi na rangi za kuzibia mara nyingi hung'aa tofauti na udongo wa asili. Stendi isisukume kamwe kipande kilichogundishwa.

Vyombo vya udongo ambavyo havikutiwa mng'ao wa kioo hunywa unyevu pamoja na chumvi. Unyevu ukikauka, chumvi huganda kama sukari chini ya ngozi ya chombo na kuisukuma nje. Ukiona unga mweupe, au ukigusa kwa ncha ya kidole na vumbi la udongo likakufuata, hapo hapabebeki. Na kama hali hiyo imeenea mwili mzima, ukweli ni kwamba chombo hicho hakifai kukaa wazi hata kikiwa na stendi ya dhahabu. Kirudishe stoo, kiite mhifadhi.

Hatua ya 2: Pima mahali kwa glasi ya maji

Nyumba nyingi zilizogeuzwa makumbusho hapa pwani, Lamu, Mombasa na Zanzibar, zina sakafu za ghorofa zilizojengwa kwa boriti za mikoko, mawe na chokaa. Ni sakafu nzuri, na zinatikisika. Jaza glasi maji hadi karibu na ukingo, iweke juu ya meza palepale unapotaka kuweka chombo, halafu omba wenzako watano wapite wakitembea kama watu wa kawaida. Tazama uso wa maji. Ukiona viduara vinakimbia kutoka ukingoni, sogeza meza kuelekea ukutani, pale boriti zinapoingia ukutani, ujaribu tena. Katikati ya chumba huonekana pazuri, lakini ndipo sakafu inapocheza zaidi.

Ondoa chombo kwenye kona watu wanapogeukia, chini ya ngazi, mbele ya mlango unaofunguka kwa ndani, na kwenye njia ya feni. Mkoba wa mgongoni ndio unaovunja vitu kuliko mikono, kwa sababu mwenye mkoba haoni anachokigusa. Mpe chombo nafasi ya mita moja kila upande, juu ya jukwaa la chini ambalo rangi yake imetofautiana na sakafu. Jukwaa lisiloonekana humfanya mtu ajikwae, na wewe ndiye utakuwa umemtegea.

Tusijidanganye pia kwamba matetemeko ni ya nchi za mbali. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika Kagera kwa ukubwa wa 5.9, watu wakapoteza maisha na majengo mengi yakabomoka. Wenzetu wa makumbusho ya Getty huko Los Angeles, wanaoishi juu ya nyufa za ardhi, wamejenga utaalamu wao wa stendi kwa miongo kadhaa kwa sababu hiyohiyo. Aliye karibu na Bonde la Ufa ana haki ya kujifunza kutoka kwao.

Hatua ya 3: Jua uzito na unapokaa

Pima chombo kwa mizani ya kawaida ya bafuni: pima ubao wenye sponji peke yake, kisha ubao na chombo. Andika. Halafu pima kimo, upana wa tako, na upana wa tumbo mahali pake papana zaidi. Mtungi wenye kimo cha sentimita 60 na tako la sentimita 18 una uzito wake juu, tumboni, wakati miguu yake ni midogo. Uinamishe kidogo tu, na mstari wa uzito utatoka nje ya tako. Hapo haurudi tena.

Wengi hukimbilia kutia mchanga ndani. Ni hila ya zamani na inafanya kazi, kwa masharti. Mchanga usiwe wa baharini, hata ukiwa umeoshwa mara tatu, kwa sababu chumvi yake itahamia kwenye udongo wa chombo. Uwe mkavu, ndani ya mfuko wa kitambaa kigumu wenye kamba ya kuuvutia nje, na usizidi theluthi ya chini. Na usitie kabisa kama chombo kina ufa, maana mchanga husukuma kuta kwa nje mchana na usiku.

Hatua ya 4: Chagua vitu visivyo na sumu kwa chombo

Hapa ndipo nimeona madhara makubwa kuliko ya kuanguka. Katika jumba moja nililowahi kufanyia kazi, mtungi ulikuwa umeshikwa na pete ya chuma cha kawaida iliyovishwa kitambaa cha sufu. Mtungi haukuanguka, hata siku moja. Lakini tulipoutoa, kiunoni ulikuwa na mkanda wa kutu, kahawia, umeingia ndani ya udongo kama hina kwenye kiganja. Hautatoka. Kila ninapoanza stendi mpya nauona ule mkanda.

Kwa hewa yetu ya chumvi, tumia shaba njano au chuma kisichoshika kutu. Mimi napenda shaba njano kwa sababu inapindika, inalehemika kwa urahisi, na kila mji wa pwani una sonara. Sonara anajua lehemu ya fedha kuliko fundi wa mageti atakavyojua maishani mwake. Mkalie karibu siku mbili, utajifunza zaidi ya hapa. Kwa mtungi wa kilo 10 hadi 20, fito za milimita 5 zinatosha.

Kati ya shaba na chombo weka sponji ngumu ya polithini, ile yenye vitundu vidogo vilivyofungika, isiyobonyea kama ya godoro. Epuka sponji ya godoro: huoza na kugeuka ulimbo. Epuka mpira wa kawaida na sufu, kwa kuwa hutoa salfa inayofanya fedha iwe nyeusi. Epuka plastiki ya PVC. Na mbao zilizosindikwa kwa gundi, zile za fanicha za bei rahisi, hutoa asidi zinazokula metali ya risasi na kuharibu makombe ya baharini.

Makumbusho makubwa hupima vifaa kwa jaribio lililoanzishwa na Andrew Oddy wa British Museum mwaka 1973. Kipande cha kifaa hufungiwa ndani ya chupa pamoja na vipande safi vya fedha, shaba nyekundu na risasi na maji kidogo, kwenye joto la nyuzi 60 kwa siku 28. Kama metali zimebadilika, kifaa kimeanguka mtihani. Kama huna tanuri la kudumisha joto hilo, unaweza kufunga kifaa chako ndani ya chupa ya kioo pamoja na kipande cha fedha kilichong'arishwa na pamba yenye maji, ukaiacha juu ya kabati mwezi mzima au zaidi. Jibu lake si kamili kama la maabara, ila fedha ikiwa nyeusi umeshajua la kufanya.

Hatua ya 5: Chukua umbo bila kuacha alama

Usipake chombo plasta, udongo wala kitu kingine ili kupata umbo lake. Kata kadi ngumu kwa kukadiria, isogeze karibu na tumbo la mtungi, tazama mwanga unapopenya, kata kidogo, rudisha, kata tena. Ukifika mahali mwanga umebaki mwembamba na wa upana mmoja kutoka juu hadi chini, kadi yako imekuwa kivuli cha mtungi. Nafanya kadi tatu, moja kwa kila kidole cha stendi, yaani kila fito itakayopanda kufuata tumbo, kwa sababu mtungi uliofinyangwa kwa mkono hauna pande mbili zinazofanana. Andika kwenye kila kadi: juu, chini, upande gani.

Usifanye haraka hapa. Saa mbili za kadi huokoa siku mbili za shaba.

Hatua ya 6: Pinda na ulehemu, mbali na chombo

Stendi yenyewe ina pete na vidole vitatu. Pete hukaa chini, karibu na tako, nayo ndiyo ngata: hubeba uzito wote. Vidole hupanda kutoka kwenye pete kufuata tumbo, navyo havibebi. Kazi yao ni kuzuia mtungi usiiname. Vitatu vinatosha kwa sababu ileile ya mafiga: chungu juu ya mafiga matatu hakiyumbi hata kama sakafu si sawa, lakini weka la nne uone kitakavyotafuta pa kulala.

Vidole viwili vya mbele vifupi, viishie chini kidogo ya sehemu pana ya tumbo, ili mtungi ushuke kutoka juu bila kukwaruzwa. Cha nyuma kiwe kirefu, kipite tumbo na kuinama juu ya bega, na kifungwe kwa skurubu ili kitoke. Hicho ndicho kinachozuia mtungi usirushwe juu.

Shaba njano ikitoka dukani ni kaidi. Ichome mpaka iwe nyekundu hafifu, kama kaa la mkaa linalokaribia kuzimika, ukiwa kivulini ili uione rangi. Kisha itumbukize majini. Sasa itakutii. Ukiipinda sana itakuwa ngumu tena. Ichome tena badala ya kuilazimisha, maana ikilazimishwa hukatika. Pinda kwa kufuata kadi. Kamwe usipinde shaba ukiiegemeza kwenye chombo, hata kidogo, hata mara ya mwisho, hata kama imebaki milimita moja. Na moto wa lehemu usiwashwe katika chumba chenye chombo.

Ukimaliza kulehemu, boraksi, ule unga unaosaidia lehemu kutiririka, hubaki imeganda kama kioo kwenye maungio. Iondoe kwa maji moto na brashi. Kama umetumia asidi kusafishia, osha kwa maji ya magadi, suuza, kausha. Ncha zote zipige tupa mpaka ziwe mviringo, kisha piga msasa.

Pa kuunganishia meza: miguu mitatu ya pete ipite kwenye matundu ya uso wa meza, ikatwe hesi mwishoni, na ifungwe kwa chini kwa washa pana na nati. Hakuna kinachoonekana juu, na mtu hawezi kuvifungua kwa kupita.

Hatua ya 7: Ivishe

Paka shaba rangi ya akriliki inayofanana na chombo mahali kidole kinapopita, ili jicho la mgeni lisiione. Iache ikauke wiki kadhaa mahali penye hewa; rangi inayonuka bado inatoa hewa yake. Halafu gundisha sponji nyembamba kwenye kila sehemu itakayogusa. Paraloid B-72, plastiki ya akriliki wanayotumia wahifadhi, iliyoyeyushwa kwa asetoni hadi iwe nzito kama asali ni gundi njema kwa kazi hii, kwani baada ya miaka mingi bado huyeyuka kwa asetoni ileile. Gundi iende kwenye shaba. Kwenye chombo isiende chochote.

Hatua ya 8: Jaribio la karatasi

Vueni pete, saa na vile vitambulisho vinavyoning'inia shingoni. Muwe wawili wa kubeba na wa tatu wa kuongoza, naye peke yake ndiye anayesema. Mtungi haushikwi kwa mdomo wala mashikio. Mkono mmoja chini ya tako, mwingine tumboni. Mikono mikavu iliyooshwa, au glavu za naitrili. Glavu za pamba huteleza kwenye kaure.

Ushusheni kwenye pete, kisha ngojeni kidogo bila kufanya lolote. Sasa chukua kipande cha karatasi nyembamba, kipitishe kati ya kila kidole na chombo. Kikipita bila kugusa kitu, kidole hicho hakifanyi kazi. Kikikwama, kidole kinabana, na chombo kinachobanwa hupasuka siku ya joto au ya mtikisiko. Karatasi inapaswa kutoka kwa mvuto mdogo tu, kama kurasa mbili zilizoshikana kwa unyevu. Kama haiko hivyo, mtungi unatoka, stendi inarudi jiriwani. Nimewahi kurudia mara sita. Hairekebishwi chombo kikiwa ndani.

Ikiwa sawa, funga kidole cha nyuma, kisha meza yenyewe ifunge sakafuni, au kama sakafu ni ya kale na haitobolewi, panua tako la meza na ujaze mifuko ya mchanga chini ndani yake.

Mchongo mrefu wa Kimakonde

Michongo ya ujamaa, ile minara ya watu waliobebana, ni kazi nyingine. Mpingo ni mzito hadi ukitupwa majini huzama, na mnara wa mita moja na nusu ukianguka huvunja mikono ya watu wake na mguu wa mgeni pia. Shida ni kwamba wengi hutoboa tako na kutia parafujo. Usitoboe. Mti huendelea kuvimba na kunywea na unyevu wa masika na kiangazi, na parafujo iliyokazwa ndiyo inayoanzisha ufa.

Tengeneza sahani ya shaba yenye ukingo mdogo unaofuata tako, ukiacha nafasi ya milimita moja au mbili pande zote, na uijaze sponji. Kisha simamisha fito moja nyuma, iliyopindwa ipite katika upenyo kati ya sanamu mbili, na mwishoni iwe na kishikio cha umbo la U kwenye theluthi ya juu ya kimo. Tafuta bega au mgongo mnene wa kushika. Usishike mkono wala shingo ya sanamu. Ukikosa nafasi nyuma, zunguka mchongo polepole ukiwa umechuchumaa. Mchongaji aliacha mapengo mengi, na kuna moja litakukubali.

Kuhusu nta na uzi wa kuvulia

Kwa vyombo vidogo vya kaure, vipunje vitatu vya nta ya makumbusho chini ya tako hutosha. Kukitoa, kizungushe taratibu, usikivute juu. Lakini usiitumie kwenye udongo usio na mng'ao, itanyonywa. Na mahali penye jua la dirishani italainika. Uzi wa kuvulia samaki unaweza kuzuia shingo ya chombo kirefu, mradi umepitishwa ndani ya mrija laini wa plastiki salama; uzi mtupu hukata kama wembe, na hulegea kadiri miezi inavyopita.

Baada ya kufungua mlango

Kila wiki pitisha jicho: vumbi, chembe za udongo chini ya kidole (ishara kwamba panasuguliwa), rangi ya kijani kwenye shaba. Kila mwezi rudia karatasi. Tazama chini ya meza kama kuna njia za udongo za mchwa. Meza iliyoliwa ndani husimama vizuri hadi siku ya kuangushwa.

Jambo la mwisho kabla hujaondoka chumbani: andika kwa herufi kubwa namna ya kuutoa mtungi. Skurubu ya kidole cha nyuma iko wapi, inahitaji bisibisi ya aina gani, mfuko wa mchanga umo au haumo, uzito ni kilo ngapi, kipande kipi kimegundishwa na hakishikwi. Ambatanisha picha. Itie kwenye bahasha ya plastiki ya polithini na uipachike ndani ya meza, na nakala ofisini. Siku paa likivuja saa nane za usiku, atakayekuja kuubeba huenda ni mlinzi, naye hajawahi kuishika stendi hiyo mkononi.